Jina Dirishani

Dirisha lenyewe halizidi upana wa trei ya mayai. Lina nondo nne, kioo kilichokwaruzika, na chini ya kioo uwazi wa kupitisha mkono. Kila asubuhi, kwa miaka sita sasa, naweka kidole kwenye kimashine cha kutambua alama, napokea kikombe cha plastiki chenye dawa, nakimimina kinywani mbele ya macho ya muuguzi, kisha nafuatisha maji. Baada ya hapo huja lile ambalo wageni hulidhania mzaha. Muuguzi husema, "Sema kitu," nawe huna budi kusema. Dawa yetu ni methadoni, inayomshikilia mtu aliyeacha unga asirudi kuutafuta, na wapo wajanja wanaoificha chini ya ulimi wakaiuze vichochoroni. Kinywa kilichoficha kitu hakisemi vizuri. Ndiyo maana ya kuambiwa useme.

Watu husema walichonacho. Wengi husema, "Asante, daktari." Yuko kijana mmoja ambaye hutangaza matokeo ya mpira ya jana, na yuko mama anayetukana, na siku akikosa kutukana sote tunahofu kwamba ni mgonjwa. Mimi hulitaja jina langu. "Kanyiva wa Kitavi. Nimekunywa." Nalitaja kwa sauti ya kumfikia aliye mwisho wa foleni, na nikishalitaja nainua kidevu. Obuya, muuguzi wetu, hunitania kwamba natafuta kura za ubunge. Humjibu kwamba mbunge huonekana mara moja kwa miaka mitano, mimi naonekana kila siku.

Kutoka Lavington, ninakofanya kazi ya upishi na kulala katika chumba kilicho nyuma ya nyumba, hadi kliniki yenye dirisha hilo, katikati ya mji, ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Natembea. Nauli ninayo, isidhaniwe vingine. Natembea kwa sababu ipo miaka ambayo miguu hii ilinipeleka ilikotaka yenyewe, na sasa napenda kuiona ikinitii. Nikipita Muthangari huwa ni saa ile ya walinzi kubadilishana zamu, na wananiamkia kama mtu wa heshima zake. Nami huitikia kama mtu wa heshima zangu. Sitajificha katika jambo hili: najivunia. Wengine hujivunia mashamba na digrii. Mimi nina asubuhi elfu mbili na ushee, na hakuna hata moja niliyorithi.

Jumatano moja, nikichambua sukuma jikoni, Kaloki mlinzi alinipigia simu kutoka langoni. "Mathe, kuna kijana yako hapa. Anacheka peke yake."

Nilijua kabla sijafika. Mbaluka, mwanangu wa pekee, alikuwa amesimama nje ya geti na mkoba wake wa vifaa vya umeme begani, meno yote nje. Hakusema "mum" kama alivyozoea. Aliniita mama kwa lugha yetu.

"Mwaitu, ni msichana."

Nilipiga vigelegele mpaka mbwa wa majirani wakajibu, maana mbwa wa Lavington hawajazoea furaha isiyo na mwaliko. Kaloki akanipa mkono, akampa na Mbaluka, akajipongeza na mwenyewe. Mkaza mwanangu, Wamucii, alikuwa mzima. Mtoto alikuwa na nywele tele. Niliuliza vidole ni vingapi, nikaambiwa vimetimia.

Hapa lazima nieleze kitu, ingawa kwetu mtu haelezwi. Ukambani, na Ugikuyuni kwao Wamucii vivyo hivyo, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Jambo hilo halipigiwi kura. Mtoto huyo ni wewe uliyezaliwa upya, na wote humtendea hivyo. Baba yake mwenyewe, akimbembeleza, humwita mama. Nilisimama pale langoni nikiwaza kwamba Mbaluka, aliyekaa miaka tisa bila mtu wa kumwita mama, sasa angelitamka neno hilo mara ishirini kwa siku. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta.

"Jumamosi tunakutana Waithaka, kwa mzee," Mbaluka akasema. Mzee ni Thuo, babake Wamucii, mzee wa kanisa na mwenye ploti, ambaye vijana wangu wanaishi katika chumba kimojawapo cha nyumba zake za kupangisha. "Mashangazi wa Wamucii watakuja. Tunaandika jina siku hiyo. Karatasi ya hospitali iko, tumeacha hapo kwa jina wazi."

"Nitapika njahi. Mzazi hapewi maharagwe ya mkebe."

Mbaluka akaanza kukwaruza rangi ya geti kwa ufunguo. Huyo ni mwanangu. Alipokuwa na miaka minne alikwaruza mlango vivyo hivyo kabla ya kukiri kwamba amevunja redio.

"Sema," nikamwambia.

"Mzee Thuo hana shida na wewe, mum. Amesema hivyo. Lakini atakuuliza mbele ya watu kama umeacha. Anataka uape."

"Niape nimeacha nini? Unga niliacha mwaka ule ulipomaliza shule."

"Hiyo dawa. Wanasema ni kitu ile ile, ni vile tu serikali ndiyo inapeana. Na wanasema jina inabeba tabia. Ati mtoto atakuja kufuata." Alikuwa akiongea na ufunguo, si nami. "Siku moja tu. Usiende kliniki Jumamosi. Uape, tuandike, iishe. Ukikataa, wanataka aitwe jina ya marehemu mamake Wamucii."

"Na Wamucii?"

"Analia tu."

"Na wewe, Mbaluka? Wewe mwenye mtoto?"

Alinitazama hatimaye. Alikuwa na macho yale yale ya mtoto wa kidato cha kwanza aliyeniona mara moja kwenye ngazi za jengo moja mjini, akiwa ziarani na wenzake wa shule, akapita kama hanijui. Sikumlaumu siku ile, wala sijamlaumu hadi leo.

"Mimi nimechoka kuelezea watu," akasema. "Nataka tu iwe rahisi, mara moja."

Alipokwenda zake nilirudi kwenye sukuma yangu nikaikata vipande vikubwa kama vya mbuzi. Kuruka jina la bibi aliye hai si jambo dogo kwetu. Ni kumzika na huku anapumua. Na kilichonichoma zaidi hakikuwa Thuo, bali kwamba ombi lililetwa na mtoto niliyemzaa mimi.

Ningekuwa mtu wa kudanganya ningesema unga ulinifuata. Ukweli ni kwamba nilitembea kuuelekea. Nilikuwa msusi katika ghorofa ya pili ya jengo moja karibu na River Road, nikisimama kutoka asubuhi hadi jioni, mgongo ukiniwaka moto. Rafiki akanipa msokoto wa bangi uliotiwa unga ndani yake, akisema unaondoa uchovu. Na uliuondoa. Mchovya asali hachovyi mara moja. Mwaka haukwisha kabla sijauza meza yangu ya saluni, na Mbaluka, mwenye miaka kumi, akachukuliwa na dada yangu Kamene akalelewe kwake, mji wa Wote. Asante yake siwezi kuimaliza.

Miaka tisa. Polisi walitukamata wakatuachilia, wakatukamata tena. Nilifungwa mara mbili, na mara zote mbili nilipotoka unga ulikuwa ukiningoja nje ya lango kwa uaminifu kuliko ndugu. Walionipita njiani waliziba pua, na wengine kati yao nilijua hasa walikotoka na walichokunywa huko, ila chao kilikuwa na stakabadhi. Lakini kitu nilichopoteza bila kujua ni jina. Mle kichochoroni niliitwa Wembe, kwa kuwa nilinyoa wenzangu kwa malipo ya kuvuta. Polisi walituita "nyinyi". Kwa miaka tisa, hakuna kinywa kilichosema Kanyiva, hata changu.

Siku yangu ya kwanza dirishani nilikunywa dawa, nikanywa maji, na Obuya, ambaye wakati huo hakuwa na hata unywele mmoja mweupe, akaniambia niseme kitu. Nikakosa cha kusema. Nilitafuta kichwani kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Kilichotoka ni jina langu, na la baba yangu nyuma yake, na nilishtuka kama niliyeguswa bega na mtu niliyedhani amekufa. Toka siku hiyo sijasema kingine pale dirishani.

Na sasa jina hilo ndilo lililowekewa masharti.

Alhamisi, Madam Beryl alinikuta jikoni nikisugua sufuria iliyokuwa safi tayari. Ni wakili, mwajiri mwenye moyo mzuri, na hana subira. Nilimweleza. Alisikiliza huku akijimiminia glasi ya mvinyo, akatoa kidonge chake cha usingizi mfukoni, akakimeza kwa mvinyo ule, kama anavyofanya kila siku baada ya chakula.

"Kanyiva, si udanganye tu," akasema. "Sema umeacha. Kwani nani ataenda kuangalia? Watu wanataka kusikia kitu, unawapatia wasikie, maisha inaendelea."

"Wewe ungedanganya, madam?"

"Kazi yangu ni gani?" Akacheka, nami nikacheka pia. Kisha akanishika bega akaenda zake. Kidonge chake hakuna anayekiombea kiapo, na sisemi hivyo kwa chuki. Wala sitamani aombwe.

Ijumaa nilimuuliza Obuya swali lenyewe bila kulizungusha: nikikosa siku moja, itakuwaje?

"Siku moja haitakuua, mama," akasema. "Utatoka jasho kidogo kesho yake, mifupa itasumbua. Tutakupokea Jumapili kama kawaida." Akaifuta meza yake isiyokuwa na vumbi. "Lakini Jumapili ukija hapa, utakuwa umetoka wapi? Huko watakuwa wanajua umeacha. Utakuwa unakuja hapa kama mwizi."

Nilikuwa nimekwisha kuamua. Ningelala njaa, ningetambaa kwa magoti hadi Waithaka, ilmradi jina liandikwe. Bibi gani angeshindwa na jasho la siku moja?

Jumamosi niliamka alfajiri nikapika. Njahi, zile kunde nyeusi apikiwazo mzazi, zilikuwa zimelowekwa tangu jana. Nilizichemsha polepole, nikaziponda na ndizi na viazi, nikaonja, nikajipongeza. Mtu asiponisifu kwa jingine, kwa hili atanisifu. Kisha nilioga, nikavaa gauni la kijani nililoshonewa kwa ajili ya harusi yao, nikaketi kitandani. Saa mbili ikapita, saa ambayo kwa kawaida nimeshakunywa dawa yangu na niko njiani kurudi. Saa tatu ikapita. Miguu ilikuwa ikiniuliza. Niliikunja chini ya kitanda.

Ili nisije nikababaika mbele za watu, nikasimama kwenye kioo nifanye mazoezi. "Mimi," nikasema, "Kanyiva wa Kitavi," na hapo sauti ilikuwa safi, ile ile ya kila siku. "Naapa mbele ya Mungu kwamba nimeacha." Sauti ikakwama katikati. Nikarudia. Ikatoka nzito, ya kukokota, kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. Nilijitazama kwenye kile kioo, nami nimewaona wengi wakisema namna ile. Niliwaona dirishani, shavu limetulia kupita kiasi, ulimi haunyanyuki, na Obuya akiwaambia kwa upole, "Fungua mdomo, ndugu yangu."

Saa ilikuwa tano na nusu. Jumamosi dirisha hufungwa saa sita.

Nilitoka na kiondo changu chenye sufuria ya njahi mbio mpaka Kaloki akadhani nyumba inaungua. Aliniitia bodaboda. Mwendesha pikipiki akaniuliza, "Mathe, ni emajensi?" nikamwambia ni zaidi ya hiyo. Nilifika Obuya akiwa ameshika ufunguo. Alinitazama, akatazama gauni, akatazama kiondo, akarudi kwenye kiti chake. Nikanywa. Nikafuatisha maji. Hakuniambia niseme kitu, hakukuwa na haja.

"Kanyiva wa Kitavi," nikasema. "Nimekunywa."

Njiani kuelekea Waithaka nilinoa ulimi. Nilikumbuka vizuri kwamba chini ya jengo la Thuo kulikuwa na baa, ile ya kuuza pombe kali za chupa ndogo, na mimi nililiona bango lake kwa macho yangu tulipokwenda kuposa, mara yangu pekee kufika hapo. Mzee wa kanisa juu, chupa chini! Nyani haoni kundule. Hilo ningemrushia mbele ya dada zake, kisha niondoke na sufuria yangu. Nilikuwa na maneno hayo tayari, yamepangwa kama sahani kabatini.

Nilipofika, hapakuwa na baa. Mlango ulikuwa umepakwa rangi nyeupe na kuandikwa MAZIWA FRESHI kwa herufi za buluu, na chini ya ile nyeupe bado ungeweza kuona kivuli cha herufi za zamani. Msichana aliyekuwa akipima maziwa akaniambia pamebadilishwa mwaka jana, baada ya msiba. Msiba nilioujua ni mmoja, wa Mwaura, kaka yake Wamucii. Sisi tuliambiwa ni mapafu. Nilipanda ngazi maneno yangu yakiwa yamepungua makali, ila si sana.

Sebule ilikuwa imejaa. Mashangazi watatu wenye vitambaa vya kichwa, majirani, Wamucii kwenye kochi na mtoto amefunikwa gubigubi, Mbaluka kandoni mwake na bahasha ya kaki magotini. Thuo alikuwa amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali. Nilipewa kiti cha mbao chenye mikono, kikubwa kuliko vyote. Tuliomba, na maombi yalikuwa marefu. Kisha Thuo akakohoa.

"Mama Mbaluka, karibu sana. Wewe ni mtu wetu, na hapa hakuna mtu anakuhukumu. Lakini jina itakaa kwa mtoto mpaka azeeke. Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Kwa hivyo nauliza mbele ya hawa wote. Hiyo kitu, umeacha?"

Mbaluka aliinamisha kichwa. Niliona shingo yake, niliyoinyoa alipokuwa mdogo. 

Nikasimama.

"Baba Wamucii, unga niliacha miaka sita iliyopita. Dawa sijaacha. Nimechelewa kwa sababu nimetoka kuinywa sasa hivi. Kesho nitainywa tena, na kesho kutwa. Siku daktari atasema inatosha, itatosha. Kuapa siapi. Anayetaka kujua ninachofanya, aje kesho saa moja asubuhi, kliniki nyuma ya soko, aone kwa macho yake. Jina langu ni Kanyiva wa Kitavi. Hilo ndilo nililonalo, na si chafu."

Shangazi mmoja akanong'ona kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Si angesema tu ndiyo?"

Thuo hakumsikia, au hakutaka. Alikuwa akitazama kiti nilichotoka kukikalia.

"Mwaura alikuwa anakaa hapo," akasema. "Hapo hapo. Aliapa akiwa hapo mara nne. Mara ya nne alishika Biblia ya mamake. Kila mara nilimwamini. Nilimwambia, sasa umekuwa mwanaume. Nilichinja mbuzi. Halafu tukamzika, nikaambia watu ni mapafu."

Wamucii aliziba mdomo kwa ncha ya shuka la mtoto. Nilielewa wakati huo kwamba mzee huyu hakuwa ametaka kunidhalilisha; alikuwa ametaka kusikia kiapo kile tena, safari hii kiwe kweli. Yale maneno yangu ya baa yalikuwa yamekwisha kuniishia. Niliona aibu kwamba niliyabeba kutoka mjini hadi hapo.

"Pole, Baba Mwaura," nikasema.

Sijui ni lini mtu alimwita hivyo mara ya mwisho. Alichukua kofia yake, akatoka, na tukamsikia akishuka ngazi moja moja.

Mashangazi wakatazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake akasirike. Ndipo Mbaluka akasema, "Nani ako na kalamu?" Akapewa na jirani. Akatoa karatasi ya hospitali kwenye bahasha, akaiweka juu ya goti, akaandika herufi saba bila kuuliza mtu. Aliandika akiwa ameng'ata ulimi, kama alivyokuwa akiandika darasa la kwanza. Kisha akainuka, akamtoa mtoto mikononi mwa mama yake. Mtoto akaangua kilio cha kusikika hadi chini kwenye duka la maziwa.

"Mwaitu," Mbaluka akamwambia mtoto, "Mwaitu, usilie." Alikuwa akimtazama yeye, na alikuwa akisema nami. Akaniletea. Nilimpokea mikononi, mwepesi, mwenye joto, uso umekunjamana kwa hasira yake mwenyewe. Nilicheka. Hasira hiyo naijua inakotoka.

Njahi ziliisha zote. Shangazi yule aliyenong'ona aliongeza mara tatu. Thuo hakurudi mpaka nikaondoka.

Jumapili nilitembea kama kawaida. Jijini asubuhi ya Jumapili kuna utulivu wa duka lililofungwa, na nyayo zako unazisikia. Nilipokunja kona ya soko nilimwona kwa mbali, kwanza suti, kisha kofia, kisha tai ya wazee wa kanisa. Alikuwa amesimama katika foleni, mikono nyuma, kati ya kijana wa mpira na yule mama mtukanaji. Foleni ilikuwa imenyamaza kwa heshima yake, au kwa kudhani ni askari kanzu.

"Ibada ya kwanza ni saa tatu," akaniambia kabla sijamsalimu.

"Kuna wakati," nikasema. Yule mama akanipisha, nikapanga mstari nyuma yake.

Tukasogea. Alisikiliza kila mtu dirishani. Asante, daktari. Mbili kwa moja, daktari, na penalti ilikuwa ya uongo. Asante, daktari. Niliona mgongo wake ukilegea ndani ya koti, kidogo kidogo, kama mtu anayetua mzigo asitake watu waone. Ilipofika zamu yetu alinipisha. Nikaweka kidole, nikanywa, nikafuatisha maji.

"Kanyiva wa Kitavi. Nimekunywa."

Sikuinua kidevu zaidi ya siku nyingine. Haikuhitajika.

Nilipojitoa dirishani Thuo akasogea, akainama mpaka ukingo wa kofia ukagusa nondo, akatazama ndani: kimashine, chupa, vikombe vilivyopangwa. Obuya hakumjua. Watu wapya huja na umri wowote, na wengine huja na tai.

"Karibu, mzee," akamwambia. "Usiogope. Jina?"

Thuo alivua kofia.

"Mwaura," akasema. Kisha, kwa sauti ya kumfikia aliye mwisho wa foleni: "Mwaura wa Thuo."

Obuya akaweka vidole kwenye kompyuta amtafute. Nilitikisa kichwa kutoka nyuma ya bega la mzee. Obuya aliniona, akamtazama tena Thuo, umri wake na tai yake, akaelewa. Akaondoa mikono kwenye kompyuta, akasimama. Akachukua kikombe safi, akakijaza maji matupu, akakipitisha chini ya kioo. Thuo alikipokea kwa mikono miwili, akayanywa yote, polepole, mpaka tone la mwisho, akarudisha kikombe kama tunavyorudisha. Nyuma yetu watu zaidi ya arobaini walikuwa wakisubiri, na hakuna aliyesema haraka. Hata yule mama alijizuia.

Tulitoka pamoja tukapita soko, yeye kofia mkononi. Tukafika barabarani, anapopaswa yeye kwenda kulia na mimi kushoto. Hapo akasimama, akaivaa kofia, akainyoosha.

"Kanyiva ametukesheza jana," akasema. "Analia, ploti nzima inasikia."

"Mvumilieni, Baba Mwaura," nikamwambia. "Ndiyo kwanza anaijaribu sauti."